Siku Niliyobadilisha Chupa ya Bwana Maji

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mtaambiwa na wengine, na wao lazima watie chumvi: mimi, mama mzima wa watoto wanne, mshika ufunguo wa kioski cha maji, mtu wa kuswali swala tano, nilisababisha kijiji kizima kifungiwe bomba, nikamponza mtu asiye na kosa mpaka akawekwa kikao, na yote hayo kwa chupa moja ndogo inayoenea kiganjani. Jina la kijiji silitaji (kipo kata ya Kang'ata, inatosha), lakini mkipita huko siku ya gulio mkasikia mama mmoja anaitwa "Maabara", basi ndiye mimi, na msikimbilie kunicheka, kwanza sikilizeni.

Kioski chetu kiko kando ya barabara, na mimi nina banda langu la chai na chapati hapohapo pembeni, ndiyo sababu kamati ya maji ilinipa ufunguo, nifungue asubuhi, nifunge jioni. Maji yenyewe yanatoka kwenye kisima kirefu kule mlimani (ni kilima tu, ila sisi ardhi ikiinuka kidogo tunaita mlima), yanapanda kwenye tenki, yanashuka kwa bomba mpaka kioski. Kabla ya hapo tulikuwa tunakunywa ya lambo pamoja na ng'ombe, sisi tunachota huku, wao wanakojoa kule, kwa hiyo nikisema bomba lile lilikuwa roho ya kijiji mnielewe.

Sasa kila baada ya miezi kadhaa alikuwa anakuja kijana mmoja kutoka Korogwe, Fidelis, sisi tukamwita Bwana Maji. Kijana mpole, mjukuu wa wale waliokuja zamani kukata mkonge, anaamkia shikamoo hata watu waliomzidi mwaka mmoja. Lakini mambo yake! Anafika kwenye bomba, anawasha kiberiti cha gesi, anauunguza mdomo wa bomba (bomba la watu!), anaacha maji yamwagike hovyo wakati sisi tunayagombania kwa ndoo, kisha anakinga kidogo kwenye kichupa, anatumbukiza kidonge, maji yanageuka pinki, anayainua juani na kuyakodolea macho kama mganga, halafu anaandika. Akimaliza anajaza chupa zake nyingine, anazipanga kwenye deli la barafu kama lile la wauza aiskrimu, anapanda pikipiki, huyoo. Na majibu? Hatukuwahi kuyaona. Mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya pili nikamuuliza, akasema, "Mama, majibu tunayatuma kijijini kila mara," nikaenda kumuuliza mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, naye akajibu, "Yatakuwa yapo," na ninyi mnajua kiongozi akisema "yatakuwa yapo" maana yake nini.

Basi shaka ikaniingia, na shaka ikishamwingia mtu kama mimi haitoki kwa panadoli. Kila tukikaa kula nikawa namwambia mume wangu, Baba Saumu, "Yule kijana hapimi kitu. Akifika Mto Pangani anamwaga chupa zote, anaandika maji salama, anakwenda zake kulala." Baba Saumu ni mtu wa maneno machache, akamega tonge lake, akasema, "Kama una shaka, muulize mbele ya watu." Laiti ningemsikia.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, asubuhi, mimi niko bandani nakanda unga. Bwana Maji alianza juu kwenye tenki, akachota chupa yake, akashuka kioski, akaunguza bomba, akachota nyingine. Alipotaka kuondoka Mzee Mhina akamwita warudi tena juu akamwoneshe uzio wa tenki ulioanguka upande mmoja. Kijana akaona jua limekuwa kali, akanigeukia:

"Mama Saumu, naomba unihifadhie deli langu kivulini. Lisifunguliwe tu, barafu itayeyuka."

"Nenda mwanangu, litakuwa salama."

Wakapanda. Nikabaki mimi na deli. Nikalitazama, likanitazama. Nyuma ya banda nilikuwa na ndoo ya maji ya lambo ambayo Baba Saumu alileta kwa ajili ya matofali, nami nilikuwa nimeyachukua kidogo nikayatia shabu nioshee miguu (vyombo vya chai naviosha kwa maji ya bomba, hilo mniamini), na mnajua shabu, tope lote linazama chini, juu yanabaki maji meupe kama machozi. Hapo ndipo shetani akaniambia, au pengine ni mimi mwenyewe nilijiambia, maana siku hizi shetani anasingiziwa mengi: mpime mpimaji. Wakileta karatasi iliyoandikwa "maji ni salama", unasimama mkutanoni unawaambia wananchi, jamani, haya yaliyoitwa salama ni ya lambo, niliyatia mimi kwa mkono wangu. Nikajiona kabisa nimesimama, watu wananipigia makofi.

Nikafungua deli. Chupa mbili za kijiji chetu, moja imeandikwa TENKI, nyingine KIOSKI. Nikaichomoa ya KIOSKI, mkono umejaa unga, nikamwaga, nikajaza maji yangu ya lambo, nikafunga, nikaifuta kwa ncha ya khanga, nikairudisha kwenye barafu. Nilitaka kuibadilisha na ile ya TENKI lakini nikasikia kikohozi cha Mzee Mhina kinashuka, nikafunika deli haraka, nikaanza kuimba.

Bwana Maji akanywa chai, akala chapati mbili, mimi namtazama tu, nasema moyoni kula mwanangu, siku zako zinahesabika. Alipopanda pikipiki akanishukuru, akasema, "Wewe ndiye mlinzi wa maji ya kijiji hiki." Nikacheka peke yangu mpaka chapati ikaungua.

Jumatatu, niko naandaa moto, nikasikia pikipiki inakuja kwa mwendo ule wa mtu anayekimbiza mgonjwa. Bwana Maji. Hakusalimia vizuri (yeye, mtu wa shikamoo!), akaenda moja kwa moja kwenye kioski ambako akina mama wamepanga foleni, akafunga valvu, akatoa mnyororo na kufuli. Mzee Mhina akaja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Mzee, tunafunga," kijana akasema. "Majibu yametoka. Maji ya hapa kioski yana vijidudu vya kinyesi, vingi mno. Asiyeweza kuchemsha asinywe hata tone."

Foleni nzima ikasema "Kinyesi!" kwa sauti moja. Bibi mmoja akaitua ndoo yake akashika tumbo, akasema, "Nimekunywa sasa hivi." Mimi mwiko ukanidondoka. Kumbe wanapima! Yaani kijana yule miaka yote ile alikuwa anapima kweli, na mimi ndiye pekee pale niliyejua kinyesi kile kimetoka ndoo gani.

Mzee Mhina akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama Saumu, wewe unashinda hapa kutwa. Umeona nini?"

Palepale ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: mwenyekiti, ni mimi. Badala yake mdomo wangu, huu mnaouona, ukasema, "Mimi sijui, mwenyekiti... ila ng'ombe huwa wanapitapita kule juu."

Kijijini kwetu wenye ng'ombe ni wengi, lakini ukitamka neno ng'ombe watu wote wanageukia upande mmoja, kwa Mzee Lemburis, Mmasai mwenye boma lake nyuma ya kilima, aliyekaa nasi miaka mingi kiasi kwamba anazungumza Kizigua vizuri kuliko wanangu. Vijana wakapanda mlimani kukagua, wakakuta uzio umeanguka, wakakuta na nyayo za ng'ombe karibu na uzio, basi, kesi imekwisha. Jioni yake kila mtu amekuwa mpelelezi. Huyu anasema alimwona Lemburis kule juu alfajiri, yule anasema alisikia kengele za ng'ombe karibu na kisima, mwingine akasema tangu zamani alihisi maji yana ladha ya ngozi. Mimi nasikiliza, najibu "Ee", najisikia kama mtu aliyewasha kiberiti kwenye nyasi kavu akidhani atakizima kwa mate.

Na mke wa Lemburis, Mama Nasieku, ndiye anayeniletea maziwa ya chai kila asubuhi, miaka na miaka. Jumanne akaja na kibuyu chake kama kawaida. Wateja wangu walipomwona, mmoja akafunika kikombe kwa mkono, mwingine akasema kwa sauti, "Ametutilia mavi majini, sasa anatuletea maziwa?" Wote wakanitazama mimi. Nami nikasema, bila kumwangalia usoni, "Leo sihitaji, mwenzangu."

Akakikumbatia kibuyu chake. "Mama Saumu, hata wewe?"

Akaondoka. Siku hiyo niliuza chai ya rangi, na mpaka leo sijanywa chai chungu kama ile, sukari vijiko vitatu na bado.

Ikawa akina mama wanatembea mpaka kijiji cha pili kutafuta maji, wengine wanarudi lambo. Mama mkwe wangu, mzee, miguu haina nguvu tena, nilimwachia maji ya kuchemsha lakini yeye kuchemsha anaona ni mambo ya wagonjwa, akachota ya lambo kwenye ile ndoo ya matofali akanywa hivihivi, akashikwa na tumbo la kuharisha mpaka akawa hawezi kuinuka. Nilimshika kichwa namnywesha uji, naye ananiambia, "Mungu amlaani aliyetuharibia bomba letu." Nikasema "Amina," ningesema nini.

Jumatano ikapigwa mbiu: kesho alasiri mkutano wa kijiji, ajenda moja, Mzee Lemburis atozwe dume na ahamishe boma lake mbali na kisima. Hapo usingizi ukakata. Nikapiga hesabu ya mwoga: niende Korogwe nimwone Bwana Maji faragha, nimweleze, yeye aje mkutanoni aseme maabara ilikosea, mambo yaishe kimya, mimi nibaki na heshima yangu. Alhamisi alfajiri nikamdanganya Baba Saumu naenda Handeni mjini kununua unga, nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikapanda basi la Korogwe, njia nzima nawaza maneno ya kumwambia kijana, kondakta ananiuliza nashuka wapi, namjibu "ilikuwa bahati mbaya."

Nikaulizia, nikafika maabara. Nikakuta mama mmoja wa makamo, koti jeupe, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo. Namtafuta Fidelis. Mimi ni shangazi yake."

Akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili. "Shangazi yake yupi? Mimi na familia yao tumekulia kambi moja ya mkonge. Shangazi zake wote nawajua."

(Mwongo akisafiri mbali uongo wake hausafiri naye, unamsubiri alikokwenda.) Nikasema basi natoka Kang'ata, kwa habari ya maji. Uso wake ukabadilika, akanivuta ndani, akanionesha visahani vidogo viwili vya plastiki. Kimoja cheupe, safi. Kingine kimejaa vidoa vya bluu mpaka havihesabiki.

"Hiki ni cha tenki, hiki ni cha kioski. Bomba moja, siku moja. Ikiwa moja mbaya tunafunga kwanza, maswali baadaye. Lakini kazi hii nimeifanya siku nyingi, mama. Ama bomba limepasuka njiani, ama kuna mtu amechezea chupa." Akanitazama juu ya miwani. "Fidelis ameondoka asubuhi kwenda huko kuchota upya. Nasikia kuna mkutano."

Yaani tumepishana njiani! Mimi nimekuja kukiri kwake huku, yeye yuko kwangu kule. Sikuaga. Nilikimbia stendi kandambili moja imekatika kamba, nikapata basi, likasimama kila penye mtu na pasipo mtu, Handeni mjini nikadaka bodaboda, nikamwambia kimbiza, akakimbiza mpaka ushungi ukajaa vumbi nikawa rangi ya barabara.

Nilifika watu wamekwishakaa chini nje ya ofisi ya kijiji. Mzee Lemburis amesimama katikati, ameegemea fimbo yake, anasema taratibu, "Ng'ombe wangu wanakunywa lambo. Kule juu hawafiki. Zile nyayo ni za ng'ombe wa watu wengi, na uzio mliuona umeanguka muda mrefu." Watu wakaguna. Mzee Mhina akasema, "Wanaoafiki ahame, wanyooshe mikono." Mikono ikaanza kupanda, mmoja, mitano, kumi, na wa Baba Saumu sikuuona, nikamshukuru Mungu kwa mume niliyepata.

Nikasema, "Mwenyekiti, ni mimi." Hakusikia mtu. Nikapiga kelele, "Ni mimi! Chupa niliibadilisha mimi! Yale ni maji ya lambo!"

Mnadhani waliniamini? Kijana mmoja akaruka juu, "Amehongwa maziwa huyo!" Wakashangilia. Mwingine, "Mnaona vumbi lile, ametoka bomani kwa Lemburis sasa hivi!" Jamani, mtu unakiri kosa lako unaambiwa unadanganya. Nikaapa, wakazidi kunizomea. Baba Saumu akainuka akanitazama kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua, akakaa.

Bwana Maji akainua mkono. "Mama, hiyo chupa ilikuwa na alama gani?"

"Imeandikwa KIOSKI."

"Hilo kila mtu aliliona."

Nikabana akili. "Mkono wangu ulikuwa na unga. Nilikuwa nakanda chapati."

Akafungua daftari lake, akarudisha kurasa, akasoma kwa sauti: "Chupa ya kioski. Kifuniko kina kitu cheupe kikavu, kama unga." Akalifunga. "Hili sikumwambia mtu yeyote."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia harusini. Watu walilala chini. Bibi aliyeshika tumbo siku ile akalishika tena, sasa kwa kucheka, na huko nyuma sauti ikasema, "Mama Maabara!" na jina likanishika hapohapo. Mimi nimesimama na kandambili moja.

Asiyecheka alikuwa Mzee Lemburis. Alingoja watu watulie, akaniuliza, "Siku hizi zote ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mzee."

"Watoto wangu hawajapita njia hii tangu Jumatatu." Akaishia hapo, akakaa. Zile kelele zote hazikuniumiza kama yale maneno.

Nikaomba radhi kwake, kwa Bwana Maji, kwa akina mama. Lakini kwa kuwa aibu ilishanimaliza na sikuwa na cha kupoteza, nikauliza: "Mimi nimekosa, sawa. Ila majibu ya nyuma yako wapi? Mngetusomea, ningebadilisha chupa ya nini?" Bwana Maji akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Yalibandikwa." Watu wakaenda kwenye ubao wa matangazo, wakabandua tangazo la mechi, wakabandua tangazo la chanjo ya ng'ombe, chini kabisa wakakuta karatasi tatu zimegandana, zote zimeandikwa maji ni salama, na moja, ile ya wakati wa masika, imeongezwa mstari: ongezeni dawa kwenye tenki, tengenezeni uzio. Dawa haikuongezwa, uzio mnaujua. Mzee Mhina akavua kofia akajifuta uso. Macho yote yaliyokuwa kwangu yakahamia kwake, nami sitawaficha, nilipumua.

Fidelis akachota upya mbele ya kijiji kizima, watu wamezunguka deli kama jeneza, mimi nimewekwa mbali kama mita thelathini. Jumapili majibu yakaja, safi, mnyororo ukafunguliwa. Ufunguo nilinyang'anywa, na kamati ikanipa adhabu ya kuwachotea maji wazee wasiojiweza mwezi mzima, nikianza na mama mkwe, ambaye kila nikitua ndoo ananiuliza kama imepimwa. Bomani kwa Lemburis nilikwenda na Baba Saumu kuomba msamaha. Mzee alitupokea, akasema yamekwisha. Mama Nasieku akasema yeye bado, na akachukua zaidi ya mwezi kabla hajaniletea tena maziwa, sikumlaumu.

Sasa majibu yanasomwa mkutanoni kwa sauti, uzio umesimama, na Bwana Maji akifika ananiamkia shikamoo kwanza, kisha analishika deli lake kwa mikono miwili. Shaka zangu hazijaisha, siwezi kuwadanganya, mimi ni mtu wa shaka nitakufa nazo. Lakini nimeapa: nikiwa na shaka na mtu nitamuuliza yeye, hadharani, hata nikionekana mjinga, maana ujinga wa kuuliza unaisha siku hiyohiyo. Na deli la mtu sifungui tena, hata likiniita kwa jina.